Muulize Mkongwe

Wifi yangu hajawahi kuniomba msamaha hata siku moja, na sitegemei aanze sasa. Nasema wifi, dada wa mume wangu, siyo ile ya intaneti. Kazini kwetu hilo lazima uliseme mapema, maana ukisema "wifi leo imegoma" watu wanakimbilia kuzima na kuwasha mitambo, kumbe ni binadamu tu kanuna. Nilipoolewa alinipokea kwa maneno haya: "Mdogo wangu anapenda shati lipigwe pasi mpaka kwenye mikono, na wewe unaonekana huna subira." Shati la mdogo wake sijalipiga pasi mpaka leo. Lakini subira kweli sina, na ni yeye huyo huyo aliyeniombea kazi inayomfaa mtu asiye na subira. Mimi ni mjaribu. Wenzangu wanatengeneza vitu, mimi navichokonoa mpaka viharibike, kisha nawarudishia nikiwa nimeridhika.

Tunatengeneza visanduku vya wodi. Kisanduku kinakaa kando ya kitanda, kinapima pumzi na mapigo ya moyo ya mgonjwa, na hali ikiharibika kinatuma ujumbe kwenye kidude kidogo ambacho nesi anakivaa kiunoni. Kidude kinatetemeka, nesi anasoma, anakimbia. Ndiyo kazi yetu yote. Ofisi iko juu ya duka la rangi, kwa hiyo madirisha yakifungwa tunaumwa vichwa, na yakifunguliwa hatusikilizani kwa kelele za mtaani. Tumegawanyika kambi mbili kuhusu hayo madirisha na hatutapatana.

Ndani ya kila kisanduku, chini kabisa ya programu zote, kuna kerneli. Ndiyo inayoamka kwanza na kulala mwisho, ndiyo inayoamrisha skrini, waya na kengele. Programu nyingine ikikosea, kerneli inaidaka. Kerneli ikikosea, hakuna wa kuidaka. Sehemu kubwa ya kerneli yetu aliiandika wifi yangu. Kazini wanamwita Mkongwe kwa sababu amekula chumvi nyingi kuliko sote, na yeye hujifanya jina hilo linamuudhi.

Sasa, hata mashine inahitaji kubeba maneno: jina la wodi, namba ya kitanda, ujumbe wa hatari. Msururu wa herufi zinazobebwa pamoja, wataalamu wanauita stringi. Lugha tunayoandikia programu ilipokuwa changa, stringi zilizokuja nayo zilifaa programu za juu tu. Ukizishusha kwenye kerneli zinadai nafasi ovyo na mashine inaganda. Kwa hiyo kila aliyejenga kerneli alijitengenezea aina yake. Mkongwe naye alitengeneza ya kwake, akaiita Neno. Ilikuwa ndogo na imara, na hakuna kona ya kerneli yetu ambayo haikuitumia.

Kasoro yake ilikuwa moja, na nilimwambia usoni mara nyingi: hakuandika maelezo. Katikati ya msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, mtu anaweza kuweka mstari wa lugha ya kawaida ambao mashine inauruka, wa kumwambia binadamu mwenzake kwa nini jambo fulani limefanywa hivi na siyo vile. Mkongwe hakuweka hata mmoja. "Anayetaka kujua kwa nini, miguu anayo," alikuwa akisema. "Aje aniulize." Na watu walikwenda. Ukikwama, jibu lilikuwa moja tu kutoka kila meza: muulize Mkongwe. Unakwenda pale dirishani kwake, unasimama kama mtu aliyeitwa na mwalimu, anakutazama juu ya miwani, anakujibu bila kufungua chochote, unarudi. Hata karatasi za printa zikiisha tulimuuliza yeye. Ilikuwa raha, sisemi uongo. Nani anahangaika kuandika wakati mtu mwenyewe yupo?

Msimamizi wetu alifundishwa kazi na Mkongwe, kisha akapandishwa cheo juu yake. Kijana mpole, hodari, ila mbele ya Mkongwe sauti yake inashuka. Mkongwe humwita "bosi" mbele ya wageni na "mwanangu" wakishaondoka.

Nyumbani mimi na wifi tunaishi ua mmoja. Yeye ana vyumba viwili vya nyuma, sisi tuko mbele. Hakuolewa. Anasema aliogopa kupata wifi kama yeye.

Mimi nilianza kuona kwenye chai. Anatia sukari, anakoroga, tunaongea kidogo, anatia tena sukari, anakoroga. Nikamtania kwamba anataka kujigeuza asali. Halafu zikaja funguo, lakini funguo kila mtu anapoteza. Halafu akawa anasimulia kisa kimoja tukipanda ngazi za kazini, na jioni anakisimulia tena tukishuka, kwa vichekesho vile vile na mahali pale pale pa kusimama ili nicheke. Nikawa nacheka. Siku moja, tukichambua mchele uani, akaniuliza baba yangu siku hizi anakaa wapi.

"Wifi, baba alifariki," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyenishika mkono makaburini."

"Najua," akasema, mikono yake ikiendelea na mchele. "Nilikuwa nakupima."

Hakuwa ananipima. Nilimwambia mume wangu jioni ile ile, akanijibu kwamba dada yake amechoka, na mimi nimezidi kumchunguza mtu. Nikamuuliza kama anamchukulia dada yake ni betri, akipumzika atajaa. Tulinuniana mpaka majirani wakajua.

Basi mambo yakiwa hivyo, ndipo msimamizi akaitisha kikao kuhusu Neno.

Alikuja amejiandaa, maskini, na jasho limemtoka kabla hajaanza. Akaeleza kwamba lugha imekua. Sasa stringi zinazokuja nayo, zile za maktaba yake ya kawaida ambayo kila mtu duniani anaitumia, zinafaa hata kwenye kerneli. Hazidai nafasi, zimejaribiwa na maelfu ya watu, maelezo yake yako kila mahali. Mgeni akija kazini anazijua tayari, lakini Neno inabidi tumfundishe sisi mpaka tuchoke. Kwa hiyo, kwa heshima zote, alipendekeza tuliondoe Neno, tuweke stringi ya kawaida. Alisema yote hayo akiitazama meza.

Alikuwa na haki kabisa, na mimi niliona hivyo. Lakini nilivuta kiti nyuma kidogo, kwa sababu namjua wifi. Huyu ni mtu aliyegombana na fundi seremala kwa kuwa kitasa cha mlango wake kiligeuzwa upande. Nikasubiri moto.

"Sawa," Mkongwe akasema. "Nitaliondoa mwenyewe."

Msimamizi akainua uso. "Mkongwe, sikusema lazima wewe..."

"Nani mwingine? Tuanze kesho."

Watu walimsifu kwa ukomavu. Mimi sikumsifu. Nilimtazama njia nzima ya kurudi nyumbani, na yeye akaniambia kama nina la kusema niseme, nisimkodolee macho kama mtu aliyekosa nauli.

Kazi ya kuondoa aina moja na kuweka nyingine haifanywi kwa mkupuo. Aliifundisha kwanza kerneli ikubali zote mbili, Neno na stringi ya kawaida. Kisha akaenda kipande kwa kipande: cha kengele, cha waya, cha kupima pumzi. Kila kipande kikibadilishwa kinahitaji sahihi: ya aliyeandika, ya aliyesoma kazi ya mwenzake na kuiridhia, na ya aliyejaribu. Bila hizo hakiingii kwenye kisanduku. Mwandishi alikuwa yeye, msomaji alikuwa msimamizi, mjaribu mimi. Na niseme ukweli, msimamizi kazi ya Mkongwe aliisoma kwa heshima zaidi kuliko kwa macho.

Alifanya kazi kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake. Likizo alikataa. Chakula alikula pale pale dirishani, mkono mmoja kwenye kibodi. Wakati mwingine nilimkuta ameutazama ukurasa mmoja muda mrefu, midomo inacheza. Nikamuuliza anafukuzwa na nani.

"Na wewe," akasema, "kwa maswali."

Vipande vikapita kimoja baada ya kingine, na mimi nikaviwekea sahihi, kwa sababu kweli vilikuwa vizima. Mpaka tukafika kwenye kile kidude cha kiunoni.

Skrini yake ni ndogo, herufi chache tu zinaingia. Majaribio yangu ya kawaida yalikuwa na ujumbe mfupi, na yote yalipita. Lakini siku hiyo nilikuwa na hasira zangu za nyumbani, na nikiwa na hasira najaribu vizuri zaidi. Nikaandika ujumbe mrefu kama wa zile hospitali zenye wodi za majina marefu, wa kusema oksijeni ya mgonjwa imeshuka, wodi fulani, kitanda fulani. Kidude kikatetemeka mkononi mwangu. Nikasoma: "Oksijeni ya mgonjwa imeshuka chini ya kiwango cha". Basi. Hakuna wodi, hakuna kitanda.

Nikachukua kisanduku cha zamani, ambacho bado kilikuwa na Neno ndani, nikakipa ujumbe ule ule. Kidude chake kikaonyesha vinukta, kisha: "wodi ya upasuaji, kitanda cha kumi na nne."

Nilibaki na vidude viwili mikononi. Kumbe Neno lilipozidiwa na urefu lilikuwa linakata mwanzo wa ujumbe na kubakiza mwisho. Stringi ya kawaida yenyewe haikuwa na kosa lolote. Haimkatii mtu chochote, inamwachia anayeitumia achukue kinachoenea, na mtu yeyote akiambiwa achukue kinachoenea ataanzia mwanzo. Nikamwona nesi katikati ya korido, kidude kinamtetemekea, kinamwambia kuna mtu anakosa hewa, na milango yote inafanana. Halafu nikatulia, kwa sababu dawa ya mambo haya tulikuwa nayo pale dirishani.

"Wifi," nikamwambia, "hivi kwa nini Neno lilikuwa linakata mwanzo?"

"Halikati mwanzo."

"Linakata. Njoo uone."

"Niliandike mimi, unifundishe wewe? Ujumbe ukizidi linabakiza mwanzo, kama stringi yoyote iliyoandikwa na mtu mwenye akili."

Nikamwambia asinipotezee muda, aje. Akaja kwenye meza yangu, akatazama kidude kimoja, akatazama cha pili. Nikamfungulia msimbo wenyewe wa Neno. Mistari ilikuwepo, michache na safi, inahesabu urefu kutoka nyuma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma tena.

"Nani amebadilisha hapa?"

Nikamsogezea skrini karibu.

Akageuka, akamtazama msimamizi. "Wewe. Umeingia kwenye Neno bila kuniambia."

Msimamizi akasimama. "Mama, mimi sijaligusa," akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita mama.

"Usinidanganye. Nimekufundisha mimi."

Angeweza kumjibu. Wengine wangemjibu. Yeye alikuja polepole, akainama kwenye kompyuta yangu, akafungua historia ya mistari ile, inayoonyesha nani aliandika na lini. Mwandishi alikuwa mmoja tu, tangu kisanduku cha kwanza kabisa, na hakuna aliyegusa baada yake. Sahihi ya Mkongwe. Msomaji alikuwa mtu aliyekwisha kustaafu, wengi wetu hatukumjua.

Mkongwe aliinama akaisoma sahihi ile. "Ndiyo," akasema mwishowe. "Ndiyo, kumbe." Akavua miwani, akaiweka mezani kwangu, akatoka nje bila miwani.

Nilimkuta kwenye ngazi, amekaa pale harufu ya rangi inapopanda. Mimi kubembeleza sijui, najua kugomba tu, kwa hiyo nikagomba.

"Umemdhalilisha mtoto wa watu mbele ya watu."

"Najua."

"Utamwomba msamaha?"

"Huyo nitamwomba," akasema, na akanitazama kwa jicho la kwamba nisijipe matumaini.

Nikakaa karibu naye. Akaniambia alishakwenda kwa daktari peke yake, zamani, kabla ya kile kikao. Amepimwa, ameambiwa.

"Alinitajia jina la ugonjwa," akasema. "Usiniulize jina."

Tukacheka. Najichukia kwamba nilicheka, lakini tulicheka wote, mpaka muuza rangi akachungulia.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningekuambia wewe ungepiga kelele. Ningemwambia mdogo wangu angelia. Nilikuwa na kazi ya kumaliza." Akafuta macho kwa kiganja. "Ulidhani nilikubali kuliondoa Neno kwa sababu nimekuwa mpole? Stringi ya kawaida haimtegemei mtu. Mmoja akisahau, dunia nzima inajua. Neno alilijua mtu mmoja, na huyo mtu anaondoka. Nilitaka nitoe kila kinachonitegemea kabla sijaondoka."

"Na umekitoa, kasoro hiki kimoja."

"Wewe hunielewi." Alisema bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira yake. "Nilipita kila kipande nikijiuliza, hapa niliweka nini, kwa nini? Nilipokumbuka, niliandika upya kwa uangalifu. Hapa sikukumbuka, wala sikujua kwamba kuna cha kukumbuka. Palikuwa peupe tu. Sasa wewe ni mjaribu, niambie. Yako mengine mangapi?"

Vipande vyote vile tulikuwa tumeviwekea sahihi, na vilikuwa vinasubiri kupelekwa hospitalini. "Sijui, wifi," nikamwambia. Niliogopa sana, kwa ajili ya wagonjwa nisiowajua na kwa ajili yake, na sikuweza kutenganisha hofu hizo mbili.

Aliinuka yeye wa kwanza. Akarudi ndani, akachukua miwani yake mezani kwangu, akasimama katikati ya chumba. Akamwomba msimamizi msamaha, wazi, mbele ya wote waliosikia shutuma zake. Kisha akawaambia ugonjwa wake. Hakuzunguka. Akasema vipande vyote alivyobadilisha visiondoke hapo ofisini, na jina lake litolewe leo hii kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kusoma na kuridhia kazi za wengine.

"Tusiharakishe, mama," msimamizi akasema. "Tupumzike kwanza, tutazungumza."

"Mwanangu, kuna mtu amelala kwenye kile kitanda."

Msimamizi akakaa chini, akalitoa jina. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kibodi na hakuyafuta. Mimi nilifungua madirisha, na kwa mara ya kwanza kambi ya pili haikulalamika.

Baada ya hapo kazi yetu ilibadilika. Kila mahali palipokuwa na Neno, tuliweka mashine mbili sambamba, ya zamani na mpya, tukazipa ujumbe mfupi, mrefu, mtupu, uliokatika, wenye herufi za ajabu. Zilipotofautiana tulisimama hapo mpaka tujue kwa nini. Na sababu ikijulikana inaandikwa pale pale kwenye msimbo, hata kama kila mtu anaijua, hata kama inachekesha. Mkongwe alikaa karibu yangu. Siku ambazo kichwa chake kilikuwa chepesi, watu walipanga foleni na maswali waliyokuwa wanayaahirisha miaka yote, wakidhani atakuwepo tu. Siku nyingine alikaa akinitazama kazi yangu, na nilijua nisimuulize.

Ile ya kukata mwanzo ilimrudia yenyewe, asubuhi, tukiwa tunahangaikia jambo jingine kabisa. Aliacha kikombe njiani, hakijafika mdomoni. Akasema kisanduku cha kwanza kilipofungwa hospitalini, nesi mmoja alimfuata mpaka getini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya ukali, akamwambia: "Mashine yenu inaniambia mtu anakufa. Hainiambii yuko wapi." Mkongwe alirudi ofisini na kubadilisha siku hiyo hiyo. Alisimulia mpaka rangi ya viatu vya yule nesi. Kisha akavuta kibodi yangu, na juu ya mistari mipya inayopunguza ujumbe akaandika maelezo ya kwanza ya maisha yake: "Ujumbe ukizidi, kata mwanzo. Kitanda kiko mwishoni."

Nilimpongeza kwa kumwambia ameona sasa kwamba kuandika hakuui. Akaniambia niache kujitapa.

Lakini kuna mahali hakupata. Tulimwonyesha tofauti, akatazama, akatikisa kichwa. Siku nyingine tukamwonyesha tena, akatikisa kichwa. Hapo tulibakiza tabia ya zamani kama ilivyokuwa, na msimamizi akaandika juu yake: "Sababu haijulikani. Usibadilishe bila kujaribu wodini." Mistari hiyo ipo mpaka leo, na kila nikiipita moyo unaniuma.

Mabadiliko ya mwisho yalikuwa kufuta faili la Neno lenyewe. Tulitaka ayaandike yeye. Tulitafuta kwanza kerneli nzima kama kuna mahali bado linaitwa, hapakuwa na mahali. Akafuta, akaweka sahihi yake kama mwandishi. Msimamizi akasoma, na safari hii alisoma kwa macho, mstari kwa mstari, sote tumesimama. Mimi nikajaribu kila kitu upya, kidude kikatetemeka, kitanda kikaonekana. Nikaweka sahihi yangu chini ya yao. Mkongwe akachukua kikombe chake na mto wa kiti. Msimamizi akambebea na kiti chenyewe mpaka chini, ingawa kiti kilikuwa cha ofisi.

Sasa anashinda nyumbani. Nikirudi kazini tunakaa uani, namtengenezea chai, sukari naitia mimi. Na kila siku alikuwa akiniuliza swali lile lile.

"Wifi, lile Neno tumeliondoa?"

"Tumeliondoa."

"Lote?"

"Lote."

"Na vitanda vinaonekana?"

"Vinaonekana."

"Haya," anasema, na mabega yanashuka, ndipo anaanza kunywa. Siku nyingine kikombe hakijafika nusu anauliza tena, na mimi najibu tena, maneno yale yale, kwa sababu nilishaona kwamba nikibadilisha neno moja anaanza kuhangaika. Mume wangu akisikia huinuka akaenda kusimama mlangoni, anajifanya anatazama mtaa. Siku moja akaniambia hakujua kwamba mimi nina subira kiasi hicho. Nikamwambia aende akapige pasi shati lake.

Jana hakuuliza. Alikaa na kikombe mikononi, anatazama nguo kwenye kamba. Nikasubiri. Nikazungumza habari za mvua, nikazungumza habari za muuza rangi, nikampa nafasi. Chai yake ikapoa. Nilitaka aniulize kuliko nilivyowahi kutaka chochote kwa mwanamke huyu. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Wifi," nikamwambia, "lile Neno tumeliondoa lote. Na vitanda vinaonekana."

Akanigeukia. Akanitazama kwa adabu, ile adabu ya kumsikiliza mgeni aliyeingia na habari za kwao.

"Hongereni," akasema. "Ilikuwa kazi ngumu?"

"Ilikuwa ngumu," nikamwambia. "Lakini tulikuwa na mtu wa kumuuliza."